Ndege Iliyopewa Cheti cha Ndoo

Jamhuri ya Shwarini haipo. Aliyewahi kuishi huko ajue kwamba aliishi mahali pasipokuwepo, na malalamiko yake ayapeleke kwenye ofisi isiyokuwepo, dirisha la tatu, saa za kazi. Mimi nasimulia tu nilivyosikia, na sina ugomvi na serikali yoyote, hasa hii tuliyonayo.

Basi, Shwarini ilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni cheti. Kiliitwa Cheti cha Ubora kwa Jumla, na kilitoka kwenye kitabu chembamba cha kurasa thelathini ambacho kila mkurugenzi alikuwa nacho mezani, chini ya kikombe cha chai. Mkaguzi alifika kiwandani akauliza: utaratibu wa kutengeneza ndoo upo? Upo. Umeandikwa? Umeandikwa. Mteja ana mahali pa kulalamika? Anapo. Haya, muhuri, soda, picha ya pamoja. Na nisikidharau Kitabu Chembamba, kwa ndoo kilitosha kabisa. Ndoo ikivuja unalowa miguu, unarudi dukani umenuna, maisha yanaendelea.

Tabu ilianza pale Mheshimiwa Ngwamba, Waziri wa Anga, Ndoo na Viwanda Vidogo, alipoamua kwamba nchi itengeneze ndege.

"Ndege ni nini?" aliuliza bungeni, kidole juu. "Ndege ni basi lililopewa mabawa! Na basi ni nini? Ni ndoo kubwa yenye viti! Sasa kama ndoo zetu zina cheti, nani huyo atakayethubutu kusema ndege zetu hazina?"

Wabunge walipiga meza kwa furaha mpaka moja ikavunjika mguu. Meza ile nayo ilikuwa na cheti.

Fundi mkuu wa Kiwanda cha Taifa cha Ndege alikuwa mzee mmoja mkimya, Fundi Chande, na mkaguzi wake wa bolti alikuwa binti yake wa kumzaa, Mwasiti. Hawa wawili walikuwa na kitabu kingine, Kitabu Kinene, kinachotumiwa na watengeneza ndege wa dunia nzima. Kitabu Kinene hakikukipinga Kitabu Chembamba, kilikimeza. Kiliandika maneno yake yote kama yalivyo kwa wino wa kawaida, halafu kila baada ya aya kikaongeza mambo yake kwa wino mzito. Kila bolti iwe na cheti cha kuzaliwa: imetoka kwenye chuma kipi, siku gani, imepita mikononi mwa nani. Kipande cha kwanza cha kila aina kipimwe chote, kila tundu na kila pembe, kabla cha pili hakijaguswa. Spana zihesabiwe asubuhi na jioni, na moja ikikosekana ndege haiondoki hata kama Rais ameshafunga mkanda. Chochote chenye asili ya mashaka kifungiwe kwenye kizimba, kisha kipondwe, kisije kikarudi kwa mlango wa nyuma.

Waziri Ngwamba alikipitia Kitabu Kinene siku moja akisubiri kukatwa nywele. Akasoma wino wa kawaida, akaruka wino mzito kwa sababu ulimuumiza macho.

"Mbona ni kile kile?" alisema. "Watu wanapenda kurefusha maneno."

Juu ya vitabu vyote viwili, Fundi Chande alikuwa na mila yake, isiyoandikwa popote. Katika karakana yake, aliyegonga muhuri kwenye karatasi za ndege alipanda safari ya kwanza ya ndege hiyo. Hakuna mafua, hakuna msiba, hakuna mkutano wa dharura. Umegonga, unapanda. Miaka ishirini mafundi wake waligonga mihuri polepole sana, na ndege zilizopita mikononi mwao kwa matengenezo hazikuwahi kudondosha hata skrubu.

*

Ndege ya kwanza ya Shwarini ilipewa jina Fahari ya Kwanza. Bolti za magurudumu yake zilitoka kwa mpwa wa Waziri, kijana mwenye bidii aliyekuwa akitengeneza vitanda. Zilikuja kwenye gunia, hazina cheti cha kuzaliwa wala jina la mzazi. Mwasiti alizipima mchana ule ule, na moja ikamkatikia mkononi kama biskuti.

Idara ya Mihuri ilimtuma Mkurugenzi wake, Bwana Pazi, aje akague kwa Kitabu Chembamba.

"Gurudumu lipo?" aliuliza Bwana Pazi bila kuinua macho kwenye fomu.

"Lipo," alijibu Fundi Chande, "lakini bolti zake hazitalishikilia, Mkurugenzi. Tazama hii, imekatwa na mkono wa mwanamke."

"Sijauliza kama linashikilia. Nimeuliza kama lipo."

Akatia tiki. Fundi Chande akafungia muhuri wake kwenye droo, akavua ovaroli, akaenda zake nyumbani na binti yake. Hakugonga. Hata hakupiga kelele, maana hakuwa mtu wa kelele.

Kesho yake Fahari ya Kwanza iliruka ikiwa na muhuri wa Fundi Chande kwenye karatasi zake zote. Ilizunguka uwanja mara moja, ikashuka, na ilipogusa ardhi gurudumu la kushoto likaaga. Ndege ikalala ubavu ikajiburuza. Gurudumu lenyewe lilikimbia peke yake mpaka jukwaa kuu, likasimama mbele ya Rais, naye akalipigia makofi akidhani ni sehemu ya sherehe. Rubani, Kapteni Rehani, alitolewa kwenye mabati akiwa hai. Mguu wake wa kulia haukutoka naye.

Waziri alihuzunika hadharani, kisha akafurahi ofisini, kwa kuwa muhuri uliokuwa kwenye karatasi haukuwa wake. Fundi Chande akakamatwa kwa hujuma.

Mahakamani mzee alisema neno moja tu la kujitetea. "Mheshimiwa Hakimu, kwangu anayegonga anapanda. Ningekuwa nimegonga, ningekuwa ndani ya ile ndege. Niliipata habari nikiwa kwenye bustani yangu ya mchicha, na majirani waliniona."

Hakimu alifungua Kitabu Chembamba, ukurasa wa nne. "Mila isiyoandikwa si utaratibu," alisoma. "Miaka kumi na mitano."

Mwasiti alihamishiwa Kiwanda cha Ndoo, kitengo cha mikono ya ndoo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mkono upo.

*

Sasa niseme wazi jambo ambalo watu wastaarabu hulizungukazunguka. Mwasiti alimchukia Waziri Ngwamba. Hakusikitishwa naye, hakukatishwa tamaa naye, alimchukia. Alimchukia asubuhi akipiga mswaki, na alimchukia zaidi Jumapili, akimpelekea baba yake uji gerezani na kumwona anakishika kikombe kwa mikono miwili. Ile mikono iliyokuwa ikisikia ufa kwenye chuma kwa kupapasa tu, sasa ilitetemeka mpaka uji ukamwagika kifuani.

"Usije ukafanya la kijinga, mwanangu," mzee alimwambia.

"La kijinga sifanyi, baba. Nitafuata utaratibu."

Alingoja miaka mitatu. Mwaka wa tatu nchi jirani zote ziliandika barua moja, kwa lugha ya adabu iliyouma: ndege ya Shwarini isiyotengenezwa kwa Kitabu Kinene isikanyage anga letu. Shwarini ni nchi ndogo, ndege ikiondoka na kukunja kona tayari iko kwa jirani. Rais akamwita Waziri, akamwambia Fahari ya Pili iruke kwa Kitabu Kinene kabla ya sikukuu ya taifa, ama unga wake utamwagika.

Waziri alitafuta nchi nzima mtu anayekijua kile kitabu. Wako wawili, aliambiwa. Mmoja yuko gerezani, mwingine anahesabu mikono ya ndoo.

Alimwendea Mwasiti yeye mwenyewe, na tabasamu la watu wanaoomba. "Dada Mwasiti, yaliyopita si ndwele. Taifa linakuhitaji."

"Nipo, Mheshimiwa," alisema Mwasiti, akiinamisha kichwa ili asionekane macho. "Lakini Kitabu Kinene kinataka kila kiwanda kiandike taratibu zake. Nitaandika, wewe utasaini."

"Kusaini ndiyo kazi yangu!"

Akaandika kurasa mia tatu. Kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, katikati ya hifadhi ya grisi na usafi wa mifagio, aliandika mila ya baba yake. Kila aliyegonga muhuri kwenye karatasi za ndege atapanda safari yake ya kwanza. Mlango ukishafungwa, anayetaka kushuka atajaza Fomu ya Kasoro, akieleza kasoro anayoijua, kisha atajibu swali la kwa nini mara tano mfululizo, kila jibu likiulizwa kwa nini yake, mpaka chanzo kipatikane. Lile swali la mara tano hakulitunga yeye, ndivyo mafundi wa viwanda vya ng'ambo wanavyotafuta mzizi wa tatizo. Waziri alisaini kurasa zote mia tatu kwa dakika kumi na moja, akiongea na simu.

Yule mpwa akaleta tena gunia la bolti za vitanda, na kikaratasi cha mjomba wake: zitumike. Mwasiti alipokea gunia kwa heshima zote. Siku zile zile zikafika nyingine kutoka ng'ambo, kila moja na cheti chake cha kuzaliwa, kwa barua ya maagizo ambayo Waziri alikuwa ameisaini kati ya simu mbili. Zipi zilikwenda kwenye magurudumu na zipi kwenye kizimba, Mwasiti hakumwambia mtu isipokuwa Kapteni Rehani.

Kapteni alikuwa na mguu mmoja wa nyama na mmoja wa mninga, na aliomba mwenyewe kuirusha Fahari ya Pili. Wizara ilimkubalia mara moja, kwa kuwa hakuna rubani mwingine aliyejitokeza.

"Ukiniambia ndege ni nzima, dada, naamini," alisema. "Ila nina ombi. Nikiwa nayo huko juu, kona niikunje ninavyotaka mimi."

*

Siku ya sikukuu Mwasiti alitandika mezani karatasi ya kukubali ndege, laini kama ngozi, yenye nembo ya dhahabu na nafasi pana za mihuri. Alikuwa amewajua vizuri wakubwa wa Shwarini. Palipo na karatasi nzuri na mpiga picha, hawawezi kujizuia.

Fundi wa injini aligonga, wa mabawa akagonga. Kisha Waziri akawasukuma kando, akagonga muhuri mkubwa kuliko yote, katikati. Bwana Pazi naye akagonga kando yake, akitabasamu kwenye kamera. Hakimu aliyemfunga Fundi Chande alikuwa mgeni mwalikwa tu, lakini alipoona nafasi moja imebaki alitoa muhuri mfukoni akagonga. Wa mwisho akagonga Mwasiti, polepole, kama alivyofundishwa.

Waliingia ndani kupiga picha wakiwa wamekaa vitini. Waziri alibeba maikrofoni ya Redio Shwarini, maana alikuwa ametoa amri siku hiyo kwamba kila neno litakalotoka kinywani mwake lirushwe nchi nzima bila kukatwa. Mlango ukafungwa nyuma yao. Injini ikanguruma.

"Karibuni," ilisema sauti ya Kapteni Rehani kutoka mbele. "Kwa mujibu wa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, waliogonga mihuri wote mnasafiri. Fungeni mikanda."

Waziri alicheka. Kisha akatazama wengine, akaona hawacheki.

"Mlango!" alipiga kelele. "Nani amesema naruka? Mimi ni Waziri!"

"Ndiyo maana muhuri wako ni mkubwa," alisema Mwasiti. Alikuwa amekaa mbele yake, mkanda tayari, fomu na kalamu mapajani. "Anayetaka kushuka anaeleza kasoro. Ndege ina kasoro, Mheshimiwa?"

"Haina! Ni ndege bora!"

"Basi twende zetu."

Ndege ikaanza kusogea. Waziri alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, maikrofoni ikabanwa kidevuni. "Ngoja! Ngoja, mama! Ina kasoro!"

"Ipi?"

"Bolti za magurudumu. Ni za vitanda."

Mwasiti aliandika, mwandiko mzuri wa shule. "Kwa nini bolti za vitanda ziletwe kwenye ndege?"

"Kwa sababu ni za mpwa wangu."

"Kwa nini za mpwa wako zipokelewe bila cheti cha kuzaliwa?"

"Kwa sababu niliandika zipokelewe! Simamisha ndege!"

"Bado tatu. Kwa nini uliandika hivyo, ilhali Fahari ya Kwanza iliangushwa na bolti hizo hizo?"

Ndege ilizidi mwendo. Bwana Pazi alikuwa amefumba macho, anaomba dua zote alizozikumbuka, hata ya kula. Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa magotini.

"Kwa sababu mahakama ilisema kosa si la bolti! Ilisema ni la fundi!"

"Kwa nini ilisema ni la fundi?"

"Si ule muhuri wake! Ulikuwa kwenye karatasi!"

Hapo Mwasiti aliweka kalamu chini kidogo. Miaka mitatu alikuwa akiliandaa swali hili, akilisema peke yake kati ya mikono ya ndoo, na sasa hasira yake hakuificha.

"Ya tano. Kwa nini muhuri wa baba yangu ulikuwa kwenye karatasi, na baba yangu hakuwa ndani ya ndege?"

Nchi nzima ilisikia injini tu. Sokoni wauzaji waliacha kupima, vinyozi waliacha kunyoa, na gerezani askari mmoja alipandisha redio yake mwisho ili wafungwa wote wasikie.

"Kwa sababu niliugonga mimi!" Waziri alilia. "Nilivunja droo! Pazi alishika tochi! Hakimu alijua! Haya, nimesema, nishushe, mama yangu, nishushe!"

Mwasiti aliandika neno la mwisho, akapuliza wino ukauke. Kapteni alipunguza mwendo, ndege ikasimama mwisho wa uwanja. Waziri akapumua, akaanza kuhangaika na mkanda.

"Kaa," alisema Mwasiti. "Fomu imejazwa vizuri. Sasa kasoro inachunguzwa." Akamwonyesha dirishani. Nje, mlangoni pa karakana, kilikuwapo kizimba cha chuma chenye kufuli, na ndani yake gunia la mpwa wake, bado limefungwa kwa kamba ile ile. "Bolti za vitanda zote ziko pale. Huku hakuna hata moja. Nimekagua mimi, na mimi napanda. Kwa hiyo kasoro haipo, Mheshimiwa. Kapteni, tuondoke."

Wakaondoka.

Kapteni Rehani alikunja kona zake kama alivyoomba. Alikunja juu ya uwanja, akakunja juu ya Kiwanda cha Ndoo, na juu ya gereza akakunja mara tatu, chini kabisa, ubavu umelala kama Fahari ya Kwanza ilivyolala. Redio haikukata hata neno moja la Mheshimiwa, ingawa baada ya kona ya pili hayakuwa maneno tena. Ndege ilitua laini. Nawaomba radhi waliotarajia vingine, lakini Kitabu Kinene ndivyo kilivyo, hakiangushi hata adui.

*

Fundi Chande alitoka gerezani Alhamisi. Hakwenda nyumbani kwanza, alikwenda karakana. Alipapasa bolti za gurudumu la kushoto moja baada ya nyingine kwa ile mikono inayotetemeka, akafika ya mwisho, akasimama.

"Nani amekaza?"

"Mimi, baba."

Mzee alitoa muhuri wake aliorudishiwa na polisi, akautia mfukoni mwa ovaroli ya binti yake, akakaa juu ya ndoo na kulia.

Waziri, Bwana Pazi na Hakimu walipewa kumi na mitano kila mmoja. Rais alimteua Mwasiti kuwa Mkurugenzi wa Idara ya Mihuri, na barua ya kwanza aliyoikuta mezani ilitoka gerezani, chumba namba tisa. Mfungwa Ngwamba alikuwa analalamika. Kitabu Chembamba kinampa mteja mahali pa kulalamika, hilo halina ubishi.

Mwasiti alikwenda mwenyewe, siku ya mvua. Alisimama mlangoni na fomu ya kurasa mbili. Ndani, Ngwamba alikuwa amesimama juu ya kitanda kilichotengenezwa na mpwa wake, maji ya mvua yamefika ukingoni mwake.

"Dada Mwasiti! Afadhali umekuja! Angalia hali hii!"

"Kitanda kipo?" aliuliza Mwasiti bila kuinua macho.

"Kipo, lakini mguu wake mmoja—"

Akatia tiki. "Paa lipo?"

"Lipo, ila linavuja! Linavuja, dada, usiku kucha nalala nimekaa, nimepewa ndoo nayo inavuja..."

"Sijauliza kama linavuja," alisema Mwasiti. "Nimeuliza kama lipo."

Akatia tiki, akagonga muhuri, akampitishia cheti chake kwenye nondo.